Ukimya Kabla ya Dawa ya Panya

Nilifukuzwa chekechea nikiwa mwalimu. Mwenye shule aliniita pembeni, akanishika mkono kwa upole kabisa, akaniambia kwamba shule yake si mahali pa msiba. Kisa chenyewe kilikuwa kidogo. Mtoto mmoja alinyang'anywa kiazi na mwenzake, akaanza kulia. Nilipomtazama anavyolia, kidevu kikimtetemeka, nami nikalia. Watoto wengine walipoona mwalimu analia wakajua kuna jambo kubwa limetokea, wakaungana nasi. Wazazi walipokuja mchana walikuta darasa zima linabubujikwa na machozi, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa bado anakumbuka habari za kiazi.

Kabla ya hapo nilikuwa karani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, hapo hapo Bariadi. Nilikaa vizuri hadi msimu ulipoanza na mashine zikawashwa. Meza ilitetemeka, chai ilitetemeka kikombeni, meno yangu yalitetemeka. Wenzangu walinitia moyo kwamba baada ya wiki mtu huzoea na hasikii tena. Wiki ilipoisha mimi nilikuwa nazisikia mashine hata zikiwa zimezimwa. Nikaacha, nikaenda kuhudumu kwenye mgahawa karibu na stendi. Huko mteja akiingia amenuna nilimjua kabla hajavuta kiti, na kwa kuwa nilikuwa siwezi kuvumilia sura ya mtu aliyenuna, nilimwongezea nyama. Mwenye mgahawa akaja kugundua kwamba siku hizi wateja wake wote wananuna.

Ndivyo nilivyo. Kilebo cha shingoni kwenye nguo kinaweza kuniharibia siku. Taa ya ofisini ikicheza, wenzangu hawaoni, mimi kichwa kinaniuma. Watu wawili wakiwa wamegombana chumbani asubuhi, mimi nikiingia humo saa kumi jioni nasikia ugomvi bado umekaa kwenye viti. Nilisoma kwenye simu kwamba watu wa namna yangu wapo wengi duniani, na kwamba wana jina lao, na kwamba wanashauriwa kuchagua kazi kwa uangalifu. Nilifurahi mno. Nikampelekea simu baba mdogo asome.

Baba mdogo ndiye aliyekuwa akinihifadhi mjini. Ni mdogo wake marehemu baba yangu, mtumishi wa halmashauri, mtu wa kunyoosha suruali na kalamu mfukoni. Alisoma hadi mwisho, akanirudishia simu.

"Hao wa mtandaoni wana jina la kila kitu," akasema. "Sisi huku tunaita kudeka."

Kisha akaniambia alilokuwa amepanga. Alikuwa na rafiki yake Dar es Salaam, msimamizi katika kiwanda cha chupa, na nafasi ilikuwepo. Nikipoteza kazi nyingine tena hapa Bariadi, ananikatia tiketi. Nilimuuliza kama kiwanda cha chupa kina kelele. Akanitazama kama anayejaribu kukumbuka walikosea wapi kunilea.

Dar sikuiogopa kwa kelele peke yake. Maama, yaani bibi yangu mzaa baba, ndiye aliyenilea, na alikuwa anaishi kijijini upande wa Dutwa, magoti yamechoka na macho yanafifia. Kutoka Bariadi niliweza kumfikia Jumapili na kurudi. Kutoka Dar ningemfikia msibani.

Kazi yenyewe niliipata kwa kukimbia. Ilikuwa siku ya soko, na gari la matangazo lilikuwa limeegeshwa likitangaza godoro, upande wa pili kijana anatangaza soksi kwa kipaza sauti, na katikati yao mwenye simu za mkononi ameweka spika mbili zinazopiga nyimbo tofauti. Nikasukuma mlango wa kwanza nilioukuta, nikaingia, nikaufunga.

Kimya. Sijawahi kukutana na kimya kama kile tangu nizaliwe. Kuta zote zilikuwa zimebandikwa trei za mayai, mlangoni limeegemezwa godoro kuukuu, na katikati amekaa mwanaume mmoja mwenye kompyuta na kinasa sauti. Hakuniuliza mimi ni nani.

"Mlango umefunga vizuri?" akauliza.

"Nimefunga."

"Basi kaa, usikohoe."

Nilikaa mpaka soko likaisha. Ilikuwa studio. Humo ndimo yalimorekodiwa matangazo yale yale niliyokuwa nikiyakimbia. Sehemu pekee yenye ukimya katika mji mzima ilikuwa ndiyo kiwanda cha kelele, na mimi nikaomba kazi humo kabla sijafikiri vizuri. Yule mwanaume, ambaye tangu siku hiyo nilimwita bosi, alinipa karatasi nisome kwa sauti. Msomaji wake wa zamani alikuwa amepiga kelele mpaka koo likakauka.

Nilipomwambia baba mdogo nimepata kazi, aliuliza ofisi gani. Nikamweleza. Jioni ile jirani alipouliza habari zangu, nilimsikia uani akijibu, "Yupo tu, anasubiri ajira."

Tangazo langu la kwanza lilikuwa la dawa ya panya, mende, kunguni, viroboto na papasi. Mwenye dawa alikuwa anazunguka vijijini kwa pikipiki, kipaza sauti kimefungwa kwenye usukani, na nyuma ya kiti ametundika panya wakavu kwa mikia ili watu waamini. Nilimwomba asiingie nao studio. Alitaka tangazo lianze na salamu za kwetu, kwa sababu huko aendako ukianza na Kiswahili kikavu watu wanadhani ni serikali.

Basi nikasalimia. Nikasema, "Mwadila," ile salamu ya mchana, kisha nikanyamaza. Nikauliza, "Mhola?" yaani hamjambo, ni salama huko, nikanyamaza tena. Ndipo nikaendelea na panya.

Bosi alisimamisha mashine. "Umesahau maneno?"

"Hapana."

"Sasa mbona umenyamaza?"

"Nangoja wajibu."

Akaangalia kushoto na kulia kwenye trei za mayai. "Nani?"

Nilijaribu kurudia bila kungoja nikashindwa. Nililelewa na Maama, na kwa Maama mtu hasalimii akapita. Unasalimia, unainama, unangoja. Akijibu unauliza ya pili, unangoja. Kusema mwadila na papo hapo kusema kunguni ilikuwa ni kama kumtemea mtu mate. Koo lilikataa. Bosi alikuwa na wateja wengine wa siku hiyo, akaliacha tangazo lilivyo.

Muuza dawa alirudi wiki iliyofuata akiwa amemaliza mzigo wote, uso umemjaa mshangao.

"Wanamjibu," akasema.

"Wanamjibu nani?" bosi akauliza.

"Spika."

Ndivyo ilivyokuwa. Zamani akipita na kelele zake watu waliendelea kupepeta. Sasa sauti inasema mwadila, na inangoja. Mtu wa kwetu akisalimiwa akangojwa, hana namna, anajibu. Akishajibu ameshasimama. Akishasimama anaulizwa mhola, anajibu mhola, na baada ya kusalimiana na mtu hivyo unamwachaje aondoke bila kununua hata pakiti moja ya dawa ya kunguni? Wanawake walikuwa wanaweka ndoo chini kwanza. Mzee mmoja alivua kofia. Siku moja muuza dawa alikosea akapiga asubuhi salamu ya mchana, akasahihishwa na kijiji kizima.

Wafanyabiashara wakamiminika studio. Kila mmoja alitaka ile ya kungoja. Nikarekodi soksi za kungoja, godoro la kungoja, sumu ya kupulizia pamba ya kungoja, mkutano wa injili wa kungoja. Nilikuwa nafanya kazi ndani ya kimya kitamu, halafu jioni nafungua mlango nakutana na mimi mwenyewe mji mzima. Mimi nauza soksi, mimi nauza viatu, mimi nakaribisha watu kwa Bwana. Siku moja ya mnada waliegesha spika zangu mbili uso kwa uso. Moja ikasema mwadila, ikangoja. Ya pili ikasema mwadila, ikangoja. Ya kwanza ikauliza mhola? Ya pili, ikiwa imechelewa kidogo, ikauliza mhola? Watu walisimama kuangalia kama wanaangalia wakwe wawili wasiojua nani aanze kula. Nilijificha nyuma ya lori la ng'ombe nikaziba masikio.

Hata hivyo nilikuwa na furaha. Naisema wazi kwa sababu baba mdogo hakuiamini. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na kazi ambayo haikunitaka nijigeuze mtu mwingine, na Jumapili nilikwenda kwa Maama na sukari na mafuta ya kuchua magoti. Yeye aliniambia kwamba hata katikati ya wiki huwa ananiona.

"Unaniona wapi, Maama?"

"Si unapita na panya."

Mambo yaliharibika alipotokea mteja mkubwa kutoka Maswa, aliyetaka dawa zake, malapa yake na sufuria zake viingie katika tangazo moja. Bosi alikaa kwenye kompyuta akapima, na akaona kwamba nafasi inaliwa na vipande ambamo sisemi kitu. Akavikata. Akavikata katika matangazo yote, hata ya zamani.

"Betri inaisha bure," akaniambia. "Tunauza bidhaa, hatuuzi hewa."

Nilimwambia halitakuwa jambo jema. Akasema mashine haina adabu wala haikosi adabu, ni mashine. Nilikaa kwenye kona ya trei za mayai nikalia, na yeye akaniomba nilie polepole kwa sababu kinasa sauti kilikuwa kimewashwa.

Haikupita muda mrefu, mwenyekiti wa kijiji cha kwetu akampigia simu baba mdogo. Simu ilimkuta kikaoni, na kwa bahati mbaya ilikuwa kwenye sauti ya nje. Kikao kizima kikasikia kwamba binti wa ukoo wao amekosa heshima. Anapita kijijini, anasalimia watu wazima, na kabla hawajafungua midomo anawarukia na habari za mende. Watu wameumia. Wamemzuia muuza dawa na pikipiki yake, na wanamtaka binti mwenyewe aje ajieleze.

Baba mdogo alirudi nyumbani mapema kuliko siku zote. Hakuketi.

"Miaka yote hii serikalini," akasema, "sijawahi kuitwa mahali kwa ajili ya panya."

"Lakini baba, aliyekata ni bosi."

"Tutakwenda, utaomba radhi, tutarudi, utafunga mizigo. Dar. Nimeshaongea nao."

Tulikwenda watatu, bosi akiwa amejikunyata kiti cha nyuma cha gari. Watu walikuwa wamejaa nje ya ofisi ya kijiji, wengine wamekaa kwenye magunia ya pamba yanayosubiri gari. Pikipiki ya muuza dawa ilikuwa imeegeshwa katikati kama mshtakiwa, panya wakiwa bado wananing'inia. Niliwaona wote kwa mara moja: aliyekasirika, aliyenionea huruma, aliyekuja kucheka, na Maama mbele kabisa kwenye kiti alicholetewa, fimbo mapajani. Nyuso zote zile ziliniingia kifuani kwa pamoja.

Mwenyekiti akaamuru ushahidi upigwe. Muuza dawa akabonyeza. Sauti yangu ikatoka mbio: "Mwadilamholadawayapanya—"

"Mmesikia?" mwenyekiti akauliza.

"Tumesikia," wakajibu kwa uchungu.

Bosi akasimama, akaeleza habari za sekunde, betri na kompyuta. Walimsikiliza kwa heshima. Alipomaliza, mwanaume mmoja aliyekuja na ng'ombe wake wawili aliinua mkono.

"Nimeelewa," akasema. "Sasa ule ukimya wetu umeupeleka wapi?"

"Nimeufuta," bosi akasema.

"Wote?"

"Wote."

Watu wakaguna. Mama mmoja akashika tama. Bosi akaanza kutoka jasho, na nadhani hapo ndipo alipotambua kwamba amefuta kitu.

Ikaamuliwa ukimya urudishwe. Ndipo ukazuka mjadala wa urefu wake. Vijana walitaka mfupi. Wafugaji walitaka wa kutosha kuulizana na habari za mifugo. Mwenyekiti alikuwa anaelekea kupigisha kura ndipo Maama alipogonga fimbo chini.

"Hata ule wa zamani ulikuwa hautoshi," akasema. "Nikifungua mdomo kumjibu mtoto, yeye ameshafika kwenye kunguni."

Mwenyekiti akamuuliza basi uwe wa kiasi gani. Maama akasema yeye hajui habari za kiasi. Anachojua ni kwamba akisalimiwa hujibu, na akimaliza kujibu huwa amemaliza.

Bosi, ambaye si mtu mbaya, akatoa simu yake, akaibonyeza irekodi, akanipa ishara. Nikaenda mbele ya Maama, nikapiga goti kama alivyonifundisha.

"Mwadila, Maama."

"Mwadila, mayu," akaitikia, akiniita mama kama ilivyo desturi yake.

"Mhola?"

Akalifikiria swali. Hakuwa na haraka nalo. Kuku alipita chini ya kiti chake akilalamika. Maama alivuta kitenge begani, akasafisha koo, akahema, na mimi nikangoja huku machozi yananitoka mbele ya kijiji chote na wala sikuona aibu.

"Mhola," akasema mwisho. "Magoti tu."

Studioni bosi aliondoa majibu, kwa sababu majibu ni ya msikilizaji. Akauacha ukimya ulivyo, na yule kuku, na kitenge, na koo, na kuhema. Huo ndio uliowekwa kwenye tangazo la dawa ya panya. Mteja wa Maswa alikwenda kwingine. Baba mdogo alisema tiketi ya Dar ingoje msimu wa pamba uishe, kwa kuwa mabasi yamejaa, ingawa mabasi hayakuwa yamejaa.

Maama alifariki kabla msimu haujaisha. Alilala mchana baada ya kula michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, hakuamka. Kuhusu siku ile siwezi kuandika zaidi ya hapo.

Kesho yake baada ya maziko watu walikuwa wamekaa uani, wenyeji na wageni wa baba mdogo kutoka halmashauri, mashati yao meupe yamepigwa vumbi. Mgeni mmoja alinielekeza kidole kwa adabu akamuuliza baba mdogo huyu binti anashughulika na nini. Kabla hajajibu, pikipiki ikasikika barabarani. Muuza dawa alikuwa ametoka safari ya Nassa, hana habari za msiba. Akakunja kona kuelekea kwetu, na sauti yangu ikatangulia.

"Mwadila."

Waombolezaji, kwa mazoea, wakaitikia. "Mwadila."

Baba mdogo aliruka, mkono juu, kwenda kumfukuza.

"Mhola?" nikauliza kutoka kwenye usukani.

Hakuna aliyejibu. Nani angejibu mhola kwenye uwanja ule? Katika kile kimya kuku akapita akilalamika. Kitenge kikavutwa begani. Maama akasafisha koo, akahema, kama mtu anayetaka kusema. Baba mdogo alisimama pale pale, mkono ukiwa bado juu.

Kisha nikaanza kutaja panya na mende. Muuza dawa alikuwa ameshaona turubai na watu, anahangaika kutafuta swichi, anaomba radhi.

"Usizime," baba mdogo akasema. "Rudisha mwanzo."

Yule mgeni, ambaye hakuwa ameelewa chochote, akarudia swali lake taratibu: na huyu binti je?

"Ana kazi," baba mdogo akamjibu, akapangusa uso kwa kiganja. "Nyamazeni, inaanza."